Nilipiga Sava Picha Mpaka Ikazimia

Jirani, songa kidogo kwenye hiyo benchi. Hapana, chai sitaki. Mama Chapo ananidai, na akiniona na kikombe ataanza kusoma deni kwa sauti mbele ya watu wa bodaboda. Nipe sikio tu.

Unajua mimi si mtu wa kompyuta. Shule yetu ilikuwa nayo moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ofisini kwa hedimasta, inafunuliwa wageni wakija. Niliiona mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa mbali. Lakini hapa Wote nikafanywa mtu wa aiti kwa kosa moja: siku printa ilimeza karatasi, mimi ndiye niliyeingiza mkono. Mkono tu! Kuanzia hapo intaneti ikipotea, mimi. Stima ikipotea, mimi. Saa ya ukutani ikisimama, mimi. Mshahara? Ule ule wa karani wa mizani.

Ushirika wenyewe jina lake nalimeza, kazi bado naihitaji. Tunanunua maembe huku Makueni na ndengu kule Kitui. Ghala la Kitui lina Mzee mmoja, mtu wa kaunta buku, biki ya bluu sikioni. Sisi wa Wote tuna sava. Iko kwenye ile stoo ya magunia, feni yake inalia kama posho mili, na joto lake kuku angeangua bila kulalia.

Aliyeifunga ni mpwa wangu, kijana wa chuo cha SEKU, pale Kwa Vonza. Akanieleza, jirani, nikaitikia kila kitu kama mtu anayesikiliza mahubiri ya kigeni. Anasema ndani ya hilo boksi moja kuna kompyuta tatu ambazo hazipo. Moja ya mizani na malipo. Moja ya stoo. Moja ya meneja, nasikia ina barua na picha za harusi. Zinafanya kazi lakini hazipo. Na kila moja ina diski yake, nayo haipo, ni faili moja nene inayojifanya diski. Nikamwuliza, sasa mbona na mshahara wangu usiwe hivyo. Akasema, "Anko, wako uko hivyo tayari."

Diski halisi ni ya terabaiti 1. Kila mashine hewa imeambiwa ina gigabaiti 500. Mimi ni mtu wa mizani, nikapiga hesabu: 500 mara tatu ni 1,500, na gunia ni la 1,000. Nikajua nimeshika mwizi. Kijana akacheka, akasema ndivyo inavyofanywa. Kila moja inaahidiwa, halafu inapewa kadiri inavyojaza, mradi zisijaze zote siku moja. Hapo nikaelewa haraka. Sisi si ni watu wa Thwake? Lile bwawa, pale mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, kwenye makaratasi ni la mita za ujazo milioni 688. Mimi maji hayo nimeshamwagilia nyanya zangu mara tatu. Kichwani.

Basi kijana akapata kazi Nairobi. Siku ya kuondoka akaniachia neno moja. "Anko, kabla hujagusa chochote kwenye sava, chukua snapshoti."

Sasa jirani, wewe ungefanya nini? Snapshoti ni picha. Nikaenda sokoni nikamchukua yule bwana wa picha za paspoti. Akaja na kitambaa chake cha bluu, akakitundika nyuma ya sava. Nimeipangusa vumbi. Nimeipaka na mafuta kidogo. Akaniuliza inaenda nchi gani. Shilingi 200 zikatoka mfukoni mwangu mimi, nikaituma ile picha kwa kijana kwenye WhatsApp, nimeandika chini: Tayari. Alinijibu kwa sauti, sekunde 40. Sekunde 38 ni kicheko. Na nyuma yake nilisikia ofisi nzima ya Nairobi ikicheka pia.

Akanionyesha kitufe chenyewe kwa simu. Unabofya, unaandika jina, kwisha. Asi! Kumbe ni rahisi hivyo? Nikabofya tarehe 1 Januari, saa 11 jioni, nikaiita "Leo Salama". Nikaangalia uzito wake. Kilobaiti chache! Haifiki hata punje ya nailoni, ile ndengu ndogo ya N26. Nikajiambia, hawa wazungu ni wachawi. Mashine nzima, malipo yote, wakulima wote, imekunjwa ikaingia kwenye punje.

Kesho yake nikabofya tena. Na keshokutwa. Hata Jumapili nilitoka kanisani kabla ya matoleo nikaenda kubofya. "Kabla ya Chai". "Baada ya Chai". "Ya Mwisho". "Ya Mwisho Kabisa". "Ya Mwisho Kweli". Mwezi ulipoisha nilikuwa nazo 31, zimepangana kama watoto wa nasari. Nikawa na raha mtu hawezi kunisemesha. Nilikuja hapa hapa kwenye hii benchi, wewe mwenyewe ulikuwepo, nikasema ushirika wetu una nakala 31, moto uwake, mwizi aje, sisi tuko. Mama Chapo akasema basi na deni langu nilipigie picha. Mkacheka. Nimeweka moyoni.

Na kwa sababu nina nakala 31, ile diski ya nje ya kuchomeka, ile kijana aliniachia ya bakapu, nikaiona haina kazi. Shemeji yangu akaiomba aweke sinema za Kinaijeria. Nikampa. Nilimwambia hata asiharakishe kuirudisha.

Februari ikaingia. Wewe unajua Februari kule Kitui. Ndengu za mvua ya Novemba zimevunwa, zimepurwa, watu wana karo ya kulipa. Ghala la kule limejaa, mizigo inaletwa mpaka huku kwetu Wote: kina mama wamekalia magunia, mabroka wamepaki pikapu nje wanatabasamu, wanangoja tushindwe. Na sava ikaanza kuburuta miguu. Mzigo mmoja wa kilo 90, unaandika jina la mkulima, unabofya, unangoja. Unaenda kukojoa, unarudi, bado inazunguka. Mama mmoja akauliza kama kompyuta inachambua ndengu moja moja. Halafu saa 4 na nusu ikasimama. Kimya. Zote tatu. Hata ya meneja, na harusi yake.

Mimi nikalaumu stima. Si ndiyo desturi? Nikawaambia watu, nyinyi mmesahau 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru pale mto Tana, akaangukia transfoma, nchi nzima ikaingia gizani zaidi ya saa 3? Tumbili mmoja! Na akapona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori, KWS, kutunzwa. Wakaniambia angalia juu. Taa inawaka. Na feni. Na redio ya mlinzi inaimba.

Nikampigia kijana. Hapokei, yuko mkutanoni. Nikajifunga kibwebwe nikaingia stoo peke yangu. Skrini imeandika kitu chekundu, nimeelewa neno moja tu, diski. Nikafungua lile folda la mashine ya mizani. Nikakuta mafaili 32, makubwa makubwa, kila moja mkia wake umeandikwa qcow2. Kau! Jirani, mimi ni Mkamba, ng'ombe naijua kwa kuisikia. Nikashangaa ni nani aliyefuga ng'ombe 32 ndani ya sava ya ndengu. Baadaye sana nikaelezwa kwamba hilo ni jina tu, limetoka kwenye programu ya QEMU, ya yule Mfaransa Fabrice Bellard, na hiyo kau ni kifupi cha kunakili wakati wa kuandika. Hakuna ng'ombe. Lakini siku ile mimi nilikuwa tayari kutafuta mchungaji.

Nikaona ile orodha ya watoto wangu 31. Pembeni kuna vitufe viwili. Kimoja diliti. Kingine rivati.

Fikiria kama mimi. Diliti ni kufuta. Nifute nakala za ushirika Februari? Nina watoto. Lakini rivati… Jirani, riveti si unaijua? Pale jua kali, fundi wa masufuria, mpini ukilegea anapiga riveti, tap tap, unashika mpaka mjukuu aurithi. Nikasema hiki ndicho chenyewe. Kitakaza. Kitabana vitu pamoja, nafasi itatokea. Na nianze na msingi, ile ya kwanza, "Leo Salama", maana riveti hupigwa chini. Ikaniuliza kwa Kiingereza kirefu kama nina uhakika. Mimi swali la Kiingereza likizidi mistari miwili jibu langu ni ndiyo.

Ikawaka! Sekunde chache tu. Mbio! Bonyeza, fungua, bonyeza, fungua, kama simu mpya. Nikatoka stoo na jasho la ushujaa. Meneja akanishika bega, akaniita injinia. Injinia! Nikarudi tena ndani nikaona zile 30 zingine zimening'inia pembeni hazina kazi, zinakula nafasi. Kwa vile nimeshakaza ile ya msingi, nikazifuta. Moja moja. Nilikuwa napiga mluzi.

Uinjinia wangu ulidumu dakika 20.

Mkulima wa kwanza hayupo kwenye mtambo. Wa pili yuko, lakini mtambo unasema hajaleta hata punje tangu mwaka uanze. Wa tatu amelipwa wiki jana, meseji ya M-Pesa anayo, na kompyuta inamwona kama mtu anayepita barabarani. Nikaangalia tarehe ya mzigo wa mwisho. Tarehe 1 Januari. Kompyuta yetu ilikuwa inasherehekea mwaka mpya, ndugu yangu. Ilikuwa bado na hangova.

Kijana akapiga saa 7. Nikamweleza. Hakucheka. Ningependa angecheka. Akauliza, "Anko, unajua daftari la deni la Mama Chapo?"

"Nalijua."

"Najua unalijua. Sasa sikiliza."

Akasema snapshoti si nakala ya daftari. Ukibofya, ni kama Mama Chapo amelifunga daftari kwa selotepu: hakuna kuandika humo tena. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi, selotepu ina uzito gani? Deni lolote jipya linaandikwa kwenye kikaratasi cha pembeni. Ukibofya tena, kikaratasi nacho kinafungwa selotepu, kinaanzishwa kingine juu yake. Sasa mtu akiuliza unadaiwa ngapi, Mama Chapo anaangalia kikaratasi cha juu. Hakuna? Cha chini yake. Hakuna? Cha chini yake. Vikaratasi 31 mpaka daftari, kwa chapati moja. Huko ndiko kuburuta miguu. Nilidhani ni uvivu wa mashine, kumbe nimeipeleka jela mimi mwenyewe.

Na nafasi imeliwa na nini? Kamera ya geti. Mashine ya mizani ndiyo inayohifadhi na video za geti, na ile kamera haijui kulala: inafuta za juzi, inaandika za leo, inazunguka pale pale. Bila snapshoti haiongezi kitu. Lakini mimi nimefunga kila siku kwa selotepu, hakuna linalofutika, kila ng'ombe ameshikilia video zake. Jirani, ushirika ulisimama Februari kwa sababu nilikuwa nimehifadhi mwezi mzima wa mlinzi akilala na mbwa akimtazama.

Halafu akanipa ile ya kuniua. Diliti ndiyo ilikuwa salama. Ndiyo! Ukifuta snapshoti ukiwa umesimama pale mwisho, programu inachukua yaliyo kwenye kikaratasi, inayaandika kwenye ukurasa wa chini, ndipo inatupa kikaratasi. Deni linabaki. Ingetaka tu nafasi kidogo ya kufanyia hiyo kazi, na hiyo angenitafutia. Rivati ndiyo kutupa kikaratasi cha juu, kuweka vingine kando na kurudi kwenye daftari lilivyokuwa Januari mosi. Hata hapo bado angeniokoa, asema, angeruka kutoka "Leo Salama" mpaka "Ya Mwisho Kweli", tukapoteza siku moja mbili hivi. Lakini mimi nilikuwa nimezifagia. Kwa mluzi.

Sasa niambie wewe. Neno linalotisha linahifadhi. Neno linalopendeza linaua. Nani anapanga haya majina? Huko kwa wakubwa wa kazi hii, kampuni ya VMware, wameandika wazi kabisa kwamba snapshoti si bakapu, moja isikae zaidi ya saa 72, na ingawa mnyororo unakubali hadi 32, afya yake ni mbili au tatu. Programu yetu ni ya bure, si ya VMware, lakini ugonjwa ni ule ule. Mimi nilikuwa nazo 31. Nimebakiza moja nipewe kikombe.

"Sawa," kijana akasema, "hakuna shida, tuchukue ile diski ya nje."

Nikanyamaza.

"Anko?"

Nikamwambia kuhusu sinema za Kinaijeria. Simu ikakatika. Sijui ni netiwaki.

Ndipo nikapandishwa gari kwenda Kitui kwa Mzee. Meneja alinipa laptopu, nauli ya kwenda, na maneno mengine ambayo siwezi kusema mbele ya Mama Chapo. Mzee nilimkuta ghalani, amekalia gunia, anatafuna kipande cha muwa. Mwaka jana kwenye mkutano mimi nilisimama nikasema kaunta buku ni za enzi ya Kenyatta wa kwanza. Analikumbuka hilo. Najua kwa sababu alinisalimia kwa kulirudia.

Akafungua sanduku la chuma. Kaunta buku ya Januari, kila mzigo, kila jina, kila kilo, mwandiko kama wa chapa. Chini ya kila ukurasa kaboni, na zile karatasi za kaboni kila jioni anazipeleka nyumbani kwake, Mzee huyu, kwenye kopo la Kimbo, kwa sababu ya panya. Miaka yote. Hajaenda SEKU. Hajui ng'ombe wa Bellard.

Nikajaribu kumweleza kilichotokea, nijitetee kidogo kwamba ni jambo gumu la kitaalamu. Nikaanza, tabaka, juu ya tabaka, ile ya chini haiguswi… Akanikata. "Kumbe ni bwawa la mchanga." Huku Kitui yako mamia, shirika la SASOL na wananchi wamejenga kila korongo: unapiga ukuta mtoni, kila mafuriko yanaleta mchanga wake juu ya mchanga wa jana, na maji yanajificha ndani. "Lakini tabaka zote zimeegemea ukuta mmoja," akasema, akitema muwa. "Ukuta ukienda, zinaenda zote pamoja. Na wewe uliamini una mabwawa 31?" Dakika moja. Nusu ya muwa. Mimi imenichukua mwezi na ushirika mzima.

Tumekaa siku sita. Mzee anasoma, mimi nachapa kwa vidole viwili. Anasoma polepole kama karani wa korti, analamba kidole, anafungua ukurasa. Tarehe 9, kilo 180. Tarehe 12, kilo 45, zilikuwa na mawe, tukakata 2. Mgongo umeniuma mpaka nikawa nachapa nimesimama. Mchana tunaletewa muthokoi, anakula yeye kwanza, mimi napewa sufuria nikwangue.

Lakini jirani, nikwambie siri. Sogea. Katika mateso yale yote nilikuwa na faraja moja ndogo. Unakumbuka Januari nilichukua advansi? Ngiri tatu, tarehe 15, ile ya koti. Ilikuwa kwenye kompyuta. Na kompyuta imerudi mwaka mpya. Nikasema moyoni, Mungu hamtupi mja wake, kila rivati na neema yake. Tukafika tarehe 14. Ikapita. Tukafika 15, macho yangu yanakimbia mbele ya sauti yake, nikaona ule mstari, kwa biki ya bluu, maana pesa zilitoka kwenye kasha la Kitui. Nikakohoa. Nikafungua tarehe 16 upande wangu, nikauliza, "Haya Mzee, 16, nani wa kwanza?"

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa kona ya shati. Akaivaa tena. Akalamba kidole.

"Rudi juu kidogo," akasema. "Umeruka mtu. Andika: advansi, elfu 3. Jina unalijua, ama nikutajie herufi?"